Simu Moja, Sidi Kenga Wawili

Mapambazuko yanaanza kupauka juu ya Kibarani, mjini Kilifi, na Kadzo Gona bado hajaketi. Anaizunguka meza. Mezani pana simu tatu kuukuu, kompyuta ya mkononi iliyobandikwa selotepu ubavuni, na kikombe cha chai ya tangawizi kilichoshika utando.

Anachukua simu ya kwanza. Anaandika "Sidi Kenga", anachagua saa kumi na mbili jioni, anabonyeza Hifadhi. Anaandika tena "Sidi Kenga", safari hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anabonyeza Hifadhi. Kisha anaizima simu, anaiwasha, anatazama. Wote wawili wapo. Anashusha pumzi, halafu anaichukua simu ya pili na kuanza upya, kana kwamba ile ya kwanza imemdanganya.

"Neno 'Imehifadhiwa' linanitisha," anasema bila kuinua macho. "Simu ikiniambia imehifadhi, ndipo moyo unanidunda. Imehifadhi nini? Wapi? Kwa jina la nani?"

Kadzo, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, hutengeneza simu katika kibanda kidogo karibu na soko la Kilifi. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi elfu kumi na nne. Kazi inayomnyima utulivu, hata hivyo, si ya kubadilisha vioo na betri. Ni programu ya simu aliyoitunga mwenyewe, akaiita Nikumbushe, inayowaita wagonjwa wameze dawa wakati wao ukifika.

Programu hiyo inatumiwa na kikundi cha wahudumu wa afya wa kujitolea kinachoongozwa na Idah Moraa, muuguzi mstaafu aliyetoka Kisii akiwa msichana na kuzeekea Pwani. Kikundi kiligawa simu moja kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa mwingine wa dawa za kila siku. Nyumba nyingi ziko bara, kule mtandao unakopatikana kwa kupanda juu ya kichuguu na kunyoosha mkono.

Kwa hiyo Nikumbushe haitegemei mtandao. Kila inachokijua hukiweka ndani ya simu ile ile: jina la mgonjwa, saa yake ya dawa, lugha anayoitaka, na sauti iwe kubwa kiasi gani.

Hebu tutege kidogo. Nina nyumba ya visanduku vingi, kila kimoja kina jina lake mlangoni. Nikilitaja jina, kinafunguka hicho tu. Ni nini? Hiyo ndiyo mipangilio ya simu, na Kadzo huwaeleza hivyo hivyo wahudumu wanaomuuliza.

"Vitabuni jina la mlangoni wanaliita ufunguo," anasema. "Kilichomo ndani ni thamani. Kisanduku kimoja kinabeba kitu kimoja. Ukija na kitu kipya ukataja jina lile lile, simu inakitoa cha zamani, inakitupa, inaweka kipya. Haikuulizi. Haigombani nawe. Inakwambia tu, imehifadhiwa."

Hapo ndipo yalipoanzia yaliyomfika bibi mmoja wa Jaribuni, kule bara.

Mwanzoni Kadzo aliviita visanduku kwa jina la kwanza la mgonjwa. Punde si punde akagundua kwamba nyumba moja inaweza kuwa na wagonjwa wawili wa jina moja, akaongeza jina la baba. Akajiona amemaliza kazi.

"Mimi ni Mgiriama, nimezaliwa Mgiriama, na nikasahau Wagiriama tunavyopeana majina," anasema, akijipiga paji la uso. "Angekosea mtu wa Ulaya ningemcheka."

Kwa Wagiriama jina halizikwi na mtu. Mjukuu hupewa la bibi au la babu, na jina huzunguka ndani ya ukoo. Bibi Sidi wa Jaribuni ni binti wa mzee Kenga. Alipojaliwa mwana wa pili, akamwita Kenga kwa jina la baba yake. Kenga huyo naye, ambaye sasa ni mlinzi wa usiku huko Mtwapa, alipopata binti akamwita Sidi kwa jina la mama yake. Bibi ni Sidi Kenga. Mjukuu ni Sidi Kenga. Wenyewe wanaitana somo, kama waitanavyo wenye jina moja.

Bibi ana shinikizo la damu na humeza kidonge jioni. Mjukuu, mwanafunzi wa darasa la pili, ana ugonjwa wa selimundu na hupewa chake asubuhi kabla ya shule. Bibi ndiye aliyetangulia kuandikishwa katika simu ya nyumba. Miezi kadhaa baadaye mhudumu alipita, akamwandikisha na mtoto, akabonyeza Hifadhi. Simu ikajibu imehifadhiwa, na kweli ilikuwa imehifadhi. Saa ya mtoto iliingia, saa ya bibi ikatoka.

Jioni hiyo simu haikuita. Wala ya pili yake. Bibi Sidi akadhani daktari amempunguzia dawa.

Shinikizo lilipanda, akaanguka kando ya kisima akiwa na ndoo kichwani. Alilazwa, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani. Muuguzi alipomuuliza kwa nini aliacha kumeza vidonge, alijibu kwa maneno matatu ambayo Idah Moraa alimfikishia Kadzo kama alivyoyasikia: "Kwani simu iliniita?"

"Tangu siku hiyo sikai," anasema Kadzo. Na ni kweli hakai. Anaongea akitembea, akisimama mguu wake unagonga sakafu.

* * *

Saa mbili asubuhi Idah Moraa anafika Kibarani. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima, na haketi hata akivutiwa kiti.

"Kadzo, umemaliza ama bado unazunguka meza?"

"Nimemaliza, Mama Moraa. Nazunguka tu."

"Mimi sitaki kuzunguka. Nyumba zingine zote umeenda, umebadilisha, sawa. Imebaki ya huyo mama. Yeye ndiye alianguka. Akikubali simu tena, tunaendelea. Akikataa, mimi nakusanya simu zote na wagonjwa warudi kwa daftari na mdomo. Siwezi kuweka mtu hatarini juu ya kitu inasema imehifadhi na imetupa."

"Nimekuelewa, Mama."

"Na usiende kumdanganya na maneno ya kompyuta. Huyo mama si mtoto."

Idah akishatoka, Kadzo anatia simu na kadi ndogo ya kumbukumbu mkobani. Kwa kuwa mtandao wa bara hautoshi, programu mpya lazima ipelekwe kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Nako si kuipachika tu na kuondoka.

Katika programu mpya, kila mgonjwa amepewa namba yake ambayo simu yenyewe inaitunga na hakuna mtu anayeiona. Namba ndiyo inayokaa mlangoni mwa kisanduku. "Jina limetoka mlangoni likaingia ndani," anaeleza Kadzo. "Hata wakiwa kina Sidi Kenga kumi, watalala kumi na wataamka kumi."

Ila simu ikitafuta namba mpya na kukuta kisanduku kitupu, haisemi sijui. Inachukua saa ya kawaida ambayo mtungaji aliiweka akiba, yaani saa sita mchana. Nyumba ya kwanza aliyobadilisha, mzee mmoja wa kisukari aliitwa mchana wa jua kali akiwa juu ya mnazi. Mzee alishuka akitukana.

Sasa Kadzo husoma kwanza kilichomo katika kisanduku cha zamani, akakihamishia kipya, akaizima simu, akaiwasha, akakisoma tena. Akiridhika ndipo anakifuta cha zamani. Lakini kwa bibi Sidi hakuna cha kuhamisha. Saa yake ilishatupwa, na simu haijui iliitupia wapi. Mtu pekee anayeweza kuirudisha ni bibi mwenyewe, kwa hiari yake.

* * *

Joram, mwendesha pikipiki anayempeleka bara kila mara, anasimama njiani mara mbili kwa sababu abiria wake anatikisa miguu.

"Dada Kadzo, ukiendelea kucheza ngoma huko nyuma tutaenda mtaroni."

"Endesha, Joram."

"Naendesha. Lakini nikianguka mimi, usiniwekee simu."

Nyumbani kwa bibi Sidi, mkwewe Kahaso, mama wa mtoto, anawapokea kwa viti na maji ya dafu. Bibi yuko kivulini upenuni anashona makuti. Vidole vyake vinakwenda bila kutazamwa.

"Shikamoo, hawe," anasema Kadzo. Hawe ni bibi kwa Kigiriama.

"Marahaba. Wewe ndiwe mwenye simu?"

"Ndimi, hawe."

"Mbona mwembamba hivi? Nilidhani aliyeniangusha kisimani ana miguvu."

Joram anageuka upande wa pili kuficha kicheko. Kadzo hacheki. Anakaa chini, karibu na makuti, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri miguu yake imetulia.

"Nimekuja kukuomba radhi, hawe. Nilikosea mimi. Simu ilifanya nilivyoiambia."

"Radhi nimekupa. Simu siitaki." Bibi anavuta uzi. "Miaka yote nilikuwa nameza dawa nikiona kuku wanapanda kulala. Kuku hawajaniangusha. Ikaja simu yako, ikaniambia usijisumbue bibi, nitakuita. Nikaacha kuwatazama kuku. Kisha nayo ikaninyamazia. Sasa nimerudi kwa kuku wangu."

"Na siku za mvua kubwa, mama?" anauliza Kahaso kwa upole. "Juzi kuku wamepanda mapema, ukameza mchana. Usiku umesahau kama umemeza, ukataka kumeza tena. Ni mimi nimekushika mkono."

Bibi anainamia makuti. Anashona.

Kahaso anaingia ndani na kurudi na simu. Alikuwa ameifunga katika kipande cha leso na kuipandisha darini, kama kitu kilichokosa adabu. Programu ilikuwa imezimwa, na mtoto naye siku hizi anakumbushwa na mama yake anapokumbuka.

Kadzo anaeleza juu ya visanduku. Bibi anasikiliza kwa sikio moja, kisha kwa yote mawili.

"Basi ilitia mahindi katika kibuyu cha maziwa."

"Ikamwaga na maziwa, hawe."

"Bila kuuliza mwenye maziwa."

"Bila kuuliza."

"Yule aliyekuja kumwandikisha mtoto alitaka tuandikwe Sidi Mkubwa na Sidi Mdogo. Nikamfukuza," anasema bibi. "Mdogo ni nani hapa? Huyu ni mimi, nimerudi kabla sijaondoka. Kama simu inataka tubadilishwe majina, ichukue uende nayo."

"Haitaki, hawe. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Majina yanakaa kama mlivyopewa."

Hapo bibi anaiweka sindano chini. "Saa kumi na mbili jioni," anasema. "Leo tu. Nione."

Kadzo anaandika. Sidi Kenga, jioni. Sidi Kenga, asubuhi. Anazima, anawasha, anasoma. Anazima tena.

"Ishalala na kuamka mara ngapi hiyo?" Joram anauliza. "Hata mimi ningechoka."

Mtoto Sidi anarudi kutoka shule, mfuko wa vitabu ukimpiga magotini. Anamkimbilia bibi kwanza. "Somo, umeshinda salama?" Bibi anamjibu, "Salama, somo. Umeniletea nini?" Anapewa kipande cha chaki.

Jioni inafika polepole kwa anayeingoja. Kadzo anatembea kutoka upenuni hadi kwenye banda la mbuzi na kurudi. Joram amesinzia. Simu imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kila mtu anajifanya haitazami.

Inaita. Sauti aliyoirekodi Kadzo mwenyewe inatoka wazi: "Sidi Kenga, wakati wa dawa umefika. Sidi Kenga, wakati wa dawa umefika."

Bibi anainuka. Kadzo anaanza kutabasamu.

Mtoto naye ameinuka. Amekwenda mbio ndani, ameleta kopo lake la vidonge, amekwisha kukifungua kifuniko. Kahaso anamdaka mkono. "Wee! Yako ya asubuhi! Umemeza asubuhi!"

"Lakini imeniita," anasema mtoto. "Imesema Sidi Kenga."

Kadzo anashika kichwa kwa mikono yote miwili. Visanduku vimetengana, saa zimetengana, namba zimetengana. Kinywa ndicho kimebaki kimoja. Angeondoka kabla ya jioni, mtoto angemeza mara mbili kwa siku.

Bibi Sidi anaita kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni na wajukuu.

"Kitendawili!"

"Tega!" wanajibu wote kwa mazoea, Joram akiwa wa kwanza, usingizi ukimtoka.

"Nimemwita mmoja, wameitika wawili."

Wanatazamana. Mtoto anapunga mkono kama aliye darasani. "Sisi! Ni sisi, somo!"

Bibi anacheka hadi anajishika kiuno, na Kahaso anacheka akiwa bado ameshika mkono wa mwanawe. Kadzo peke yake ndiye amebaki amekunja uso.

"Usinune, mwanangu," bibi anamwambia. "Ni hivi. Sauti hiyo ni yako wewe, na kwako mimi na huyu ni mamoja. Kenga akiita Sidi, huyu ndiye anayekwenda, maana baba yake haniiti mimi jina. Jirani akiita Sidi, naenda mimi. Hatujawahi kugongana mlangoni. Tunamsikiliza anayeita."

Kadzo anageuka ghafla hadi kiti kinaanguka.

"Sauti nayo ni kitu cha kutiwa kisandukuni," anasema. "Hawe, sauti nayo ni kitu! Kila mmoja awekewe ya kwake."

Giza linaingia wakiwa wameizunguka simu. Sauti ya bibi inarekodiwa kwa ajili ya mtoto: "Somo, amka umeze dawa. Vifaranga wamekutangulia." Ya mtoto inarekodiwa kwa ajili ya bibi, lakini mtoto anakataa kusema maneno aliyoandikiwa. Anataka kutega. Anafikiri sana, ananong'onezana na mama yake, kisha anasogeza mdomo karibu na simu.

"Somo, kitendawili! Mgeni wangu namkaribisha kwa maji, akiingia hatoki tena."

Jibu nalo linarekodiwa, na Kadzo analiweka nyuma ya kitufe cha Nimemeza. Asiyekibonyeza hasikii jibu. Anampa bibi maagizo: ameze kwanza, ndipo abonyeze.

"Na nikibonyeza bila kumeza?"

"Basi utakuwa umenidanganya mimi, hawe. Na somo wako."

Bibi hasemi amekubali wala hasemi amekataa. Anachukua kidonge cha jioni hiyo, kilichokuwa kimesahauliwa katikati ya kelele zote, anakimeza kwa maji ya mtungi, kisha anarudi kwenye makuti yake.

* * *

Siku tatu zinazofuata, Kadzo hafai kwa kazi. Kibandani anafungua simu ya mteja na kusahau alichoifungulia. Hana njia ya kujua. Alichokiweka Jaribuni kiko Jaribuni, ndani ya simu ile, na hakuna waya wala mawimbi yanayomletea habari.

"Ingefaa nifurahi kwamba siri za mgonjwa hazitoki nyumbani kwake," anasema. "Lakini leo natamani zingetoka kidogo."

Idah Moraa anapiga simu asubuhi na jioni. "Amekubali ama amekataa?" Kadzo anamjibu kwamba hajui, na Idah anakata bila kuaga.

Alasiri ya siku ya tatu inaingia simu ya Kahaso. Ametembea hadi njia panda kwenye mtandao, na upepo unavuma katika maneno yake.

"Dada Kadzo? Mama amenituma. Amekasirika."

Kadzo anaegemea kaunta. "Simu haikuita?"

"Imeita. Juzi jioni, saa ile ile uliyosema. Mtoto hakuinuka, amesema, 'Hiyo ni sauti yangu, haiwezi kuniita mimi.' Mama amemeza, amebonyeza, amesikia jibu ni kidonge. Amecheka. Jana imeita tena, amemeza tena. Ndipo akakasirika."

"Kwa nini sasa?"

"Ati kitendawili ni kile kile! Anasema mgeni huyo ameshamzoea. Anataka kingine. Anauliza wewe ulifikiri yeye ni mtu wa kutegwa kitendawili kimoja hadi afe?"

Kadzo anacheka na kufuta macho kwa kiganja. Anampigia Idah na kumrudia maneno yote, neno kwa neno. Upande wa pili sauti ya wodi inasema: "Haya. Simu zinabaki. Lakini nataka uende kwa kila nyumba iko na majina mawili, ukaweke sauti. Si kesho kutwa. Kesho."

Nyumba hizo ni nyingi, na Kadzo anajua kwamba kwa Wagiriama zitazidi kuwa nyingi kadiri watoto wanavyozaliwa. Hana mshahara wa kazi hiyo, ila nauli tu. Mpango wake ni kutoka sokoni siku mbili za wiki na kuzipitia zote, kisha kupeleka Nikumbushe hadi vijiji vya juu ya Malindi, na Ngomeni, ambako kikundi kingine cha akina mama kimeshamuulizia.

Lakini kwanza kuna Jaribuni. Ametwaa simu kuukuu na kuanza kutengeneza kisanduku kipya kitakachobeba vitendawili vingi, kimoja kwa kila jioni. Anasimama, anatembea hadi mlangoni mwa kibanda, anarudi.

"Visanduku si taabu," anasema, akimgeukia anayeandika habari hizi. "Taabu ni kwamba mtoto yuko darasa la pili, na bibi anavijua vyote. Itabidi tumtungie vipya. Wewe huna kimoja hapo?"